Mstari wa Kumi na Saba

Fondo Mangi alikutwa amekufa saa moja asubuhi, Jumanne ya tarehe kumi na sita Machi 1999, katika chumba cha mitambo cha kiwanda cha barafu cha Theluji, Msambweni. Alikuwa kifudifudi. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umeshika gurudumu la valvu kubwa ya amonia, gesi kali ya kugandishia barafu.

Inspekta Mumbe Kaloki alisubiri nje karibu saa nzima kabla ya kuruhusiwa kuingia. Hata hivyo macho yalimwasha na koo likamkereketa. Bomba lililopita juu ya mlango lilikuwa limepasuka kwenye kiungo. Mshale wa saa ya kupimia presha ulikuwa umekwama mwisho kabisa, upande mwekundu.

"Alilala kazini," alisema meneja wa kiwanda, leso puani. "Presha imepanda, mwenyewe kalala. Ndiyo matokeo yake haya."

"Ulimwona amelala?"

"Sikumwona. Lakini angekuwa macho angezima mtambo."

Mumbe alichuchumaa kando ya maiti. Fondo alikuwa amevua shati, akalirowesha maji, akalifunga usoni kuziba pua na mdomo. Ngozi ya viganja vyake ilikuwa imebabuka.

"Umepata kumwona mtu akifunga shati lenye maji usoni ndipo akalala?"

Meneja aligeukia mlango.

Koplo Mbuvi alijaribu kuizungusha ile valvu kwa mkono wenye glavu. "Ameifunga yote, afande. Hata tone halipiti."

"Chumba cha pili kulikuwa na watu?"

"Wanawake kumi na mmoja, wanapara samaki. Wote wako salama. Wanasema marehemu alitoka akawapigia kelele watoke, kisha akarudi humu ndani."

"Akarudi," Mumbe alirudia.

Pembeni, ndani ya sanduku la mbao lenye kioo, kulikuwa na kompyuta. Meneja alieleza kwamba ndiyo iliyosimamia mtambo. Presha ikizidi, inazima yenyewe bila kuguswa. Iliwekwa Januari na kampuni ya Mizani Kompyuta ya Ukunda, na Ijumaa iliyopita wakaja kuitilia programu mpya, wageni wakapiga makofi na picha zikapigwa.

Skrini ilikuwa bado inawaka. Mumbe alisoma mistari miwili ya kijani, akaisoma tena.

PRESHA: 0
HALI: SALAMA

Aliinua macho akautazama mshale uliokwama kwenye wekundu. Kisha akaufuata kwa kidole waya mwembamba uliotoka kwenye bomba kuja kwenye kompyuta. Karibu na ukuta waya ulikuwa umeliwa na chumvi mpaka ukakatika.

"Mbuvi, piga picha skrini, mshale na waya. Disketi ya programu iko wapi?"

Ilikuwa ndani ya droo. Juu yake pamebandikwa karatasi: TOLEO JIPYA, 11/3/99. Mumbe aliitia kwenye bahasha ya vielelezo.

Huko nje, mke wa marehemu, Jumwa, alikuwa amesimama katikati ya uwanja, leso yake imefungwa vizuri, macho makavu.

"Wanasema mume wangu amelala kazini," alimwambia Mumbe. "Miaka tisa amefanya kazi ya zamu. Nyumbani hata mchana halali. Ukiandika kwamba alilala, mama, nitakuja kuichana karatasi hiyo mbele yako."

"Pole sana, mama. Bado sijaandika kitu."

* * *

Mumbe aliporudi kituoni saa sita, alikuta mshukiwa ameshakamatwa. Mwenye kampuni ya Mizani, Bwana Katana, alipiga simu saa mbili asubuhi akasema programu iliandikwa na mfanyakazi wake mmoja mzembe. Mkuu wa Mumbe akatuma gari. Saa tatu msichana alikuwa ndani.

Jina lake Mbodze, miaka ishirini na sita, kwao Kinango. Alikaa wima kwenye benchi la chumba cha mahojiano. Mbele yake palikuwa na taarifa iliyokwisha kupigwa chapa, kalamu juu yake.

"Shikamoo, Inspekta."

"Marahaba. Hujatia sahihi."

"Wala sitatia."

"Kwa nini?"

"Imeandikwa kwamba nilizembea. Sikuzembea. Nikae humu mwaka mzima, sahihi yangu hawaipati." Aliisukuma kalamu kando. "Lakini hilo liache kwanza. Nimewaambia tangu asubuhi, hakuna anayesikia. Zimeni mashine ya Kinondo."

"Kinondo kuna nini?"

"Disketi zilitoka tatu. Moja Msambweni, moja hoteli ya Diani ambayo imefungwa kwa ukarabati, moja ghala la samaki la Kinondo. Kinondo inafanya kazi hivi sasa tunavyozungumza."

Mumbe alivuta kiti. "Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kompyuta. Maana sijui."

"Programu ya kwanza ilikuwa na kosa. La kwangu mimi, silikatai. Waya wa presha ukikatika, kompyuta ilisoma sifuri. Sifuri kwake ni kwamba hakuna presha, basi mtambo uendelee. Mwezi wa Februari nililigundua, nikaanza kuandika upya. Katika programu mpya, waya ukikatika mtambo unazimwa na king'ora kinalia."

"Leo waya umekatika. Haukuzimwa."

"Skrini ilisemaje?"

"Presha sifuri. Hali salama."

Mbodze alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji, lakini kidevu kilikuwa juu. "Neno 'salama' nimelifuta kwa mikono yangu mwenyewe. Programu mpya hailijui. Iliyomo mle ni ya zamani."

"Disketi imeandikwa toleo jipya."

"Kila mwenye kalamu anaweza kuandika hivyo."

Mumbe alitoka akagonga mlango wa mkuu wake. Mkuu alimsikiliza bila kuacha kukoroga chai.

"Ukizima ghala la Kinondo, samaki wataoza," alisema. "Wenye ghala watakuja kwangu, hawatakuja kwako. Kesi imekwisha, Kaloki. Una mshukiwa. Mpe kalamu atie sahihi."

"Ameshapewa, afande. Hataki."

"Basi mwache huko mpaka atake."

"Naam, afande," alisema Mumbe. Akaenda moja kwa moja kwenye Land Rover, akamwambia Mbuvi awashe.

* * *

Msimamizi wa ghala la Kinondo, Bi Kadzo, alikuwa mama mnene mwenye buti za mpira na ufunguo shingoni. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Sizimi. Kuna tani mbili za jodari humu ndani. Kwa amri ya nani?"

"Yangu," alisema Mumbe. "Lakini sitaki unizimie kwa kuniogopa. Nataka uone. Weka mkono kwenye swichi kuu, usiuondoe. Mbuvi atauchomoa waya wa presha. Kompyuta ikizima mtambo na kupiga king'ora, nitakuomba radhi na nitaondoka."

Kadzo akaweka mkono kwenye swichi.

Mbuvi alichomoa waya.

Mtambo uliendelea kunguruma. Skrini ikabadilika: PRESHA: 0. HALI: SALAMA. Wakahesabu mpaka ishirini. Mshale wa saa ya presha ulianza kusogea, polepole, ukaupita mstari wa manjano.

"Yallah," alinong'ona Kadzo, akaivuta swichi chini kwa nguvu zake zote. Ngurumo ikafa. "Siku nne nimekaa na kitu hiki. Wasichana wangu wanakunywa chai hapa hapa, wameegemea hilo bomba."

"Nitahitaji disketi yako. Na taarifa yako."

"Andika lolote unalotaka. Na samaki wakioza, mwambie mkubwa wako aje anitafute mimi."

* * *

Kesho yake saa mbili asubuhi Mumbe alimtoa Mbodze seli, akaandika jina lake mwenyewe kwenye kitabu cha kituo kwamba ndiye aliyemtoa. Mkuu alikuwa bado hajafika. Walikwenda Ukunda, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ofisi za Mizani Kompyuta.

Katana aliwapokea kwa tabasamu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na tano, shati jeupe, tai ya buluu, mkono mwepesi wa kusalimia. Kwenye ukuta nyuma yake palikuwa na picha za sherehe ya Ijumaa. Mbodze hakumwamkia.

"Bi Inspekta, karibu sana. Huyu naye mmemleta wa nini?"

"Anifundishe. Disketi hutengenezwaje hapa?"

"Hilo hata mimi naweza kukufundisha. Kuna faili la amri. Kompyuta inazifuata zenyewe, moja baada ya nyingine: inakusanya vipande vya programu, inaviunga, inavijaribu, mwisho inanakili kwenye disketi. Yeye ndiye aliyeliandika. Jina lake lipo juu."

"Kipande kimoja kikishindikana?"

"Mstari wa kumi na saba," Mbodze alidakia. "Unasema: likitokea kosa lolote, simama hapo hapo, usinakili chochote. Bila mstari huo kompyuta inaendelea tu. Kipande kipya kikishindwa kuungwa, inakuta cha zamani kimelala mle mle, inakichukua, na mwisho inaandika kazi imekamilika."

"Mstari upo," Katana alisema. Aligeuza skrini ili Mumbe aone. "Hesabu mwenyewe. Kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba. Haujaguswa. Kwa hiyo disketi mbovu haikutoka kwenye faili la amri. Huyu alinakili programu ya zamani kwa mkono, kwa uvivu."

Mumbe aliinamia skrini. Mstari ulikuwepo kweli. Aligusa kioo kwa ncha ya kalamu. "Na hizi tarakimu kando ya jina la faili, ni za nini?"

"Tarehe," alisema Katana.

"Tarehe ya kitu gani?"

"Siku faili lilipoguswa mara ya mwisho," alisema Mbodze.

"Nisomee."

"Tarehe kumi na sita Machi. Saa nne na dakika arobaini asubuhi." Mbodze akamgeukia mwajiri wake taratibu. "Jana. Saa nne jana mimi nilikuwa seli."

"Tangu saa tatu," alisema Mumbe. "Kitabu cha kituo kinathibitisha. Nani alikaa kwenye kompyuta hii jana saa nne na dakika arobaini, Bwana Katana?"

"Saa ya mashine hii ni mbovu. Hukimbia."

"Sasa hivi inasema saa tatu kasoro kumi." Mumbe alitazama saa yake ya mkononi. "Yangu pia."

Mezani karibu na dirisha, karani wa ofisi aitwaye Hannah alikuwa ameacha kupiga chapa. Mumbe alimwendea.

"Dada, jana asubuhi nani alikuwa ofisini?"

Hannah alimtazama Katana, kisha akaitazama mikono yake. "Mimi na bosi."

"Wewe unaijua kazi ya kompyuta hiyo?"

"Siijui. Mimi ni mashine hii ya chapa, na printa."

"Hannah," alisema Katana kwa upole, "angalia unachosema. Una kazi nzuri hapa."

Hannah alikuwa mwembamba, sauti yake ndogo, na Mumbe alidhani mambo yataishia hapo. Lakini msichana alifungua mkoba wake. Alitoa karatasi ndefu za printa zenye matundu pembeni, zimekunjwa mara nne. Upande mmoja ameandika kwa mkono maneno ya wimbo, yamegawanywa kwa sauti.

"Mimi ni katibu wa kwaya," alisema. "Karatasi za printa huzigeuza nikaandikia upande wa nyuma. Jana bosi alinipa bunda nikachome. Hizi tatu nilikuwa nimeshazichukua Ijumaa." Akamtazama Katana usoni kwa mara ya kwanza. "Ulinipigia kelele jana nichome upesi. Nikajiuliza, karatasi chafu, za kuchomwa kwa haraka hivyo?"

Mumbe alizigeuza. Wino wa printa ulikuwa hafifu lakini unasomeka.

11/3/99 17:20
HATUA YA 3: PRESHA. KOSA. HAIKUUNGWA.
INAENDELEA.
HATUA YA 4: KUNAKILI. SAWA.
KAZI IMEKAMILIKA.

"Alhamisi, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni," alisema Mumbe. "Mbodze, ulikuwa wapi?"

"Alinifukuza ofisini saa tisa. Nilipanda gari la Kinango, nikalala kwa mama. Majirani wote wameniona, siku hiyo lori la maji lilikuja."

"'Inaendelea,'" Mumbe alisoma tena. "Kwa mstari wa kumi na saba ulioko kwenye skrini hii, neno hilo lisingeweza kuandikwa. Alhamisi mstari haukuwepo. Jana saa nne ukarudishwa. Simama, Bwana Katana. Umekamatwa kwa kosa la kusababisha kifo cha Fondo Mangi, na kuharibu ushahidi."

* * *

Alikana mpaka saa nane mchana. Alidai wakili, akaletewa simu. Akadai maji, akaletewa. Alisema printa inaweza kukosea, Hannah ana chuki, Mbodze ana marafiki wa kumsaidia. Mumbe hakupandisha sauti. Aliweka picha moja mezani: mkono wa Fondo kwenye gurudumu la valvu.

"Huyu naye aliona kosa," alisema. "Angeweza kukimbia. Ulipoona lako ulifanya nini?"

Katana aliitazama picha. Alilegeza tai.

"Alhamisi walikuja wateja wote watatu ofisini," alisema hatimaye. "Nilitaka wajionee disketi zao zikitoka. Nikawasha. Ikasimama. Nikawasha tena, ikasimama. Mara ya tatu, mbele yao wote, yule msichana akasema, 'Haitoki leo, Bwana Katana. Kipande cha king'ora bado. Nipe siku mbili.'"

"Siku mbili."

"Nilikuwa nimeshaalika watu Ijumaa! Mpiga picha, viongozi, wote. Mimi ndiye niliyeianzisha kampuni ile. Nilimtoa Kinango hana hata dawati. Ananiambia haitoki, na mashine niliyoinunua mimi inamuunga mkono! Wateja wakaangua kicheko. Mmoja akasema, 'Kumbe bosi hapa ni nani?'"

"Ukamfukuza."

"Nikamwambia aende kwao. Nikakaa mwenyewe. Nikautafuta ule mstari, nikaufuta. Nikawasha. Ikaenda mpaka mwisho bila kusimama." Alijifuta jasho. "Sijui nikwambieje. Nilifurahi. Nilihisi nimemshinda."

"Printa ilikuandikia kosa."

"Nililiona neno kosa."

"Uliona ni kosa la nini?"

Katana aliigeuza picha kifudifudi.

"Sikusoma," alisema Katana. "Nilisema ni yale yale yake. Sikusoma."

"Na jana?"

"Meneja wa Theluji aliponipigia, nilijua. Nikampigia mkuu wenu, nikalitaja jina lake. Kisha nikaurudisha mstari." Alinyanyua uso. "Lakini sikukusudia mtu afe. Andika ni ajali."

"Nitaandika ulivyosema. Neno kwa neno."

Mlango ulifunguliwa. Mkuu alikuwa amesimama hapo, uso umemvimba kwa hasira. Alimwita Mumbe koridoni.

"Umemtoa mahabusu bila idhini. Umezima ghala la watu. Sasa unamfunga mtu kwa mstari wa kompyuta? Nionyeshe sheria inayotaja kompyuta."

"Haitaji, afande, wala haina haja. Aliambiwa kuna hatari, akamwondoa aliyemwambia, akaendelea. Mtu akafa. Hakimu atalielewa hilo."

"Na nikikuamuru uandike ajali?"

"Utaandika kwa mkono wako, afande. Utatia sahihi yako."

Mkuu alimkodolea macho. Mumbe hakuyashusha yake. Mwisho mkuu akageuka akaenda zake, akibamiza mlango wa ofisi.

* * *

Mbodze aliachiliwa saa kumi. Alipotoka alimkuta mwanamke amekaa kwenye benchi la nje, nguo nyeusi, mikono mapajani. Mumbe aliwajulisha.

"Mama," alisema Mbodze, "ile sifuri ya kwanza niliiandika mimi. Niliirekebisha, lakini iliandikwa na mkono wangu. Sitaki ulisikie kwa mtu mwingine."

Jumwa alimtazama sana.

"Ulipoliona kosa ulisema?"

"Nilisema."

"Mbele za watu?"

"Mbele za wote."

"Kesho asubuhi tunamzika," alisema Jumwa. "Jana jioni meneja amebandika karatasi langoni kwamba marehemu alikuwa mzembe. Wenzake wanaisoma wakiingia kazini. Utakuja kusema Msambweni kama ulivyosema Ukunda?"

"Nitakuja sasa hivi."

Mumbe aliwapeleka. Zamu ya jioni ilikuwa inaingia. Meneja alitoka mbio akiwaomba waingie ofisini wazungumze kwa utaratibu, lakini Jumwa alimpita kama hamwoni, akaibandua karatasi langoni, akaichana vipande vinne. Wanawake wa kupara samaki walisimama na visu vyao, wote kumi na mmoja.

Mbodze alipanda juu ya kreti. Hakuwa mtu wa kuhutubia. Aliwaeleza waya, sifuri, mstari uliofutwa na nani aliyeufuta. Aliwaeleza kosa lake mwenyewe pia. Kisha akasema kompyuta iliwaambia mtambo ni salama, na mtu mmoja tu mle ndani aliikatalia.

Mmoja wa wanawake, mtu mzima, aliweka kisu chini.

"Tulimsikia," alisema kwa sauti ya kufika kila pembe ya uwanja. "Alituita kwa majina, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho akatoka. Jumwa, mumeo alikuwa macho."

Jumwa aliitikia kwa kichwa. Ndipo kwa mara ya kwanza tangu jana akalia.